Gari Gumu Halishindi Safari

Safari Rally, mbio za magari zilizoanzishwa mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, zimezaa rai moja ambayo watu wachache huthubutu kuipinga: kwamba mshindi wake huwa ni gari gumu kuliko mengine yote. Rai hiyo husikika Nairobi na Moshi, huandikwa katika kurasa za michezo, na hurudiwa kwenye gereji za Kibiti kila magari ya kampuni mbili yanapolinganishwa. Ina mtoto wake pia: kwamba timu inayosuasua katikati ya msimu inahitaji tu vyuma vinene zaidi na injini yenye nguvu zaidi, vikiletwa kwa ndege kutoka Ulaya mambo yatakaa sawa. Rai zote mbili, mama na mtoto, hazisimami mbele ya historia ya mbio zenyewe. Kinachoamua ni uchaguzi uliofanywa kwenye meza ya mchoraji kabla gari halijakanyaga vumbi: hewa itaingilia wapi, gurudumu litapanda na kushuka kiasi gani, uzito utakaa wapi, na kifaa kilichoharibika kitafunguliwa kwa muda gani. Ugumu unakuja baada ya hayo, na mara nyingi ndio unaoliua gari.

Hakimu wa kwanza ni ardhi. Njia za mbio zinazozunguka Naivasha, ambako Safari imekuwa ikifanyika tangu iliporudi katika Ubingwa wa Dunia mwaka 2021, zina vumbi lenye asili ya volkano, laini kama unga wa muhogo, linalojaa kwenye alama za magurudumu hadi kuyafunika mawe yaliyo chini yake. Mkazi wa Rufiji, Tanzania, hahitaji kusafiri hadi Kenya ili aelewe maana ya ardhi ya namna hiyo. Anayeacha lami Kibiti akashika njia ya Mkongo na kuendelea hadi Mloka, karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hukutana na mchanga wakati wa kiangazi na udongo mzito wa bonde wakati wa masika. Huko gari linalokwama kwanza si lazima liwe bovu. Aghalabu ni zito. Lori lililoongezewa springi na bampa la chuma huzama hadi kwenye ekseli, na bodaboda iliyopakia abiria na gunia la mchele hupita pembeni. Hakuna fundi wa Mkongo atakayedai kwamba pikipiki ni ngumu kuliko lori. Inapita kwa sababu ardhi haibebi mzigo mkubwa, na ikianguka huinuliwa kwa mikono ya watu wawili.

Adui wa injini katika ardhi kama hiyo si jiwe. Ni hewa chafu. Injini ya mbio, hasa yenye turbo, huvuta hewa nyingi kwa nguvu, na vumbi laini hufuata hewa hiyo. Filta ikiziba, injini hukosa pumzi na nguvu hupungua. Filta ikipitisha, vumbi huingia kwenye silinda na kukwangua kuta zake. Chuma kinene hakisaidii chochote hapo, kwa kuwa silinda nene hukwanguliwa sawa na nyembamba. Dawa ni kuinua mdomo wa kuvutia hewa juu ya wingu la vumbi na kuipa filta nafasi ya kutosha. Ndiyo maana magari ya Safari ya miaka ya 1990 yalionekana na bomba lililopanda kando ya kioo cha mbele, ambalo pia liliokoa injini wakati wa kuvuka mito. Lakini bomba ni sehemu inayoonekana tu. Nafasi ya filta ndani ya boneti, umbali wake kutoka kwenye joto la ekzosi na njia ya kuifikia kwa haraka ni mambo yanayopangwa pamoja na bodi nzima. Timu iliyobana kila kitu mbele ili gari lipenye upepo vizuri kwenye lami haiwezi kuipata nafasi hiyo katikati ya msimu kwa kuitamani.

Shokapu nayo ina kisa chake, na hapa ndipo rai ya ugumu inapojikanyaga yenyewe. Kazi ya shokapu ni kugeuza mruko wa gurudumu kuwa joto. Kila shimo ni joto; kila jiwe ni joto. Mafuta ya ndani yakichemka hupoteza mnato wake, shokapu hulegea, gurudumu huanza kudunda, na mapigo yaliyokuwa yakimezwa na shokapu huhamia kwenye mikono ya gurudumu, ekseli na bodi. Sasa fundi anayetaka ugumu huongeza chuma kwenye mikono hiyo. Chuma huongeza uzito. Uzito huongeza joto kwenye shokapu, na shokapu hulegea mapema zaidi. Gari limeimarishwa, na kwa kuimarishwa huko linavunjika kilomita hamsini kabla ya pale lingevunjikia mwanzo. Njia nyingine ni kulipa gurudumu safari ndefu ya kupanda na kushuka, springi laini, na shokapu kubwa inayopoa haraka. Gari la namna hiyo huonekana dhaifu linapopita. Huyumba, huinama, hupepesuka. Linafika.

Peugeot 404 ndilo shahidi wa kwanza. Lilikuwa gari la familia na la teksi, lenye injini ya lita 1.6, lililoinuka vya kutosha kutoka ardhini na kukalia springi laini. Mwaka 1963, magari 84 yalianza Safari na saba tu yakamaliza. Mshindi akawa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, ndani ya 404. Mwaka 1968 mvua ikafanya tena kazi yake, yakamaliza magari saba tu kwa mara nyingine, na mshindi akawa Nowicki na Cliff, ndani ya 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo pamoja na Chris Rothwell, kwa gari hilohilo. Kwa vipimo vya chuma, 404 halikuwa gumu kuliko Mercedes-Benz zilizoshinda mwaka 1959, 1960 na 1961. Lilikuwa na kitu kingine: lilikubali kupigwa bila kushindana na kipigo.

Wapo wanaodai kwamba ushindi wa mwaka 1963 na 1968 ulikuwa bahati, kwamba mvua ilipoyafagia magari mengine mtu yeyote aliyebaki angeweza kuwa wa kwanza. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wale waliobaki wangekuwa tofauti kila mara. Wawili walewale, na aina ileile ya gari, kushinda katika miaka miwili iliyokuwa migumu kuliko yote si bahati. Vivyo hivyo kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 kwa Datsun Violet. Bahati haina mazoea ya kumtembelea mtu mmoja miaka minne bila kupumzika.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejulikana kwa jina la Simba, ni ushahidi ambao watetezi wa ugumu huutumia vibaya. Husema alishinda kwa sababu alijua kutunza gari. Kweli, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na alimaliza Safari 19 kati ya 22 alizoanza. Lakini magari aliyoyachagua ndiyo yanayosema. Mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 ambalo lilikuwa limekwisha kutumika katika mbio za mwaka uliotangulia, gari la umbo la zamani lililodharauliwa na wengi. Mwaka 1974 alishinda kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6, akimwacha nafasi ya pili Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911 Carrera. Porsche ilikuwa na nguvu zaidi, mwendo zaidi na, kwa sifa zake za kiwandani, uimara ambao hakuna aliyeutilia shaka. Mwaka 1976 Lancer zilichukua nafasi tatu za kwanza, Joginder akiwa mbele. Porsche ilirudi mwaka 1978 ikapata nafasi ya pili kupitia Vic Preston Jr, na katika miaka yote ya ubingwa wa dunia haikuwahi kushinda Safari.

Mercedes-Benz, jina ambalo Afrika Mashariki ni kisawe cha gari lisiloharibika, ilikuja mwaka 1979 na 450 SLC, gari kubwa lenye injini ya silinda nane. Hannu Mikkola alimaliza wa pili. Mwaka uliofuata Preston Jr alimaliza wa tatu. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Mehta kwenye Violet, gari dogo la kawaida ambalo mwalimu au karani angeweza kulinunua.

Jibu la kawaida kwa haya yote ni kwamba zama zilibadilika, kwamba teknolojia ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1980 gari bora la dunia likawa bora kila mahali. Hapana. Audi Quattro ilileta nguvu kwenye magurudumu yote manne mwaka 1981 na kugeuza mchezo mzima. Ikatwaa mataji ya dunia ya watengenezaji mwaka 1982 na 1984. Mtu angetarajia kwamba katika matope na mchanga, mahali ambapo magurudumu manne yanayovuta yana faida kubwa kuliko popote, Safari ingekuwa mali yake. Mwaka 1983 Ari Vatanen aliishinda kwa Opel Ascona 400 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, Audi za Mikkola na Michèle Mouton zikawa ya pili na ya tatu. Kisha zikaja Toyota Celica Twin Cam Turbo, nazo za magurudumu ya nyuma, zikashinda mwaka 1984 kwa Waldegård, 1985 kwa Juha Kankkunen, na 1986 kwa Waldegård tena. Peugeot 205 Turbo 16, iliyotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1985 na 1986, haikushinda Safari hata mara moja.

Kwa nini? Magari yale ya Kundi B, daraja la juu la mbio za dunia wakati huo, yenye injini katikati au magurudumu manne yanayovuta yalikuwa na difu mbili au tatu, propela, na giaboksi iliyobanwa mahali pasipofikika. Kila kifaa kilichoongezwa kilikuwa kingine cha kuvunjika, na kukibadilisha kando ya njia kulihitaji kufungua vitu vitano kwanza. Celica ilikuwa na injini mbele, giaboksi nyuma yake, propela moja na ekseli moja ya kusukuma. Safari ya enzi hizo ilikimbiwa kwa maelfu ya kilomita, na mafundi waliruhusiwa kulisubiri gari karibu popote; muda wa kubadilisha kifaa ulikuwa sehemu ya mwendo wa gari. Aliyeiongoza Toyota barani Ulaya kutoka Köln, Ove Andersson, alikuwa ameshinda Safari mwenyewe mwaka 1975 ndani ya Peugeot 504. Hakuhitaji ripoti kumwambia kipi huvunjika.

Gari la magurudumu manne liliposhinda Safari kwa mara ya kwanza, mwaka 1987, halikuwa lile lililotarajiwa. Kundi B lilikuwa limepigwa marufuku, na Audi ikaleta 200 Quattro, gari kubwa la ukubwa wa gari la mkurugenzi, refu na zito. Mikkola akashinda, Walter Röhrl akawa wa pili. Watetezi wa ugumu hushangilia mfano huu. Wanasema, si mmeona, gari kubwa limeshinda. Wanasahau kwamba 200 Quattro haikushinda mbio nyingine yoyote ya ubingwa wa dunia. Urefu wake uliolifanya litulie juu ya mashimo ya Kenya ndio uliolifanya liwe kero kwenye kona za Ulaya. Uchaguzi uleule wa mchoraji ulikuwa sifa hapa na ila kule. Jambo kama hilo haliwezi kuitwa ugumu, kwa maana ugumu ungesafiri nalo.

Kisa cha Lancia kinafundisha zaidi, na ni cha uvumilivu wa ajabu. Waitaliano hao walikuja Safari tangu enzi za Fulvia, wakaja na Stratos mwaka 1975 na kupata nafasi ya pili na ya tatu, wakarudi nayo tena na tena bila kushinda, wakaja na 037 na kuambulia nafasi ya tatu ya Markku Alén mwaka 1986. Kila mara walileta gari lililoinuliwa, lililoongezewa mabomba ya kinga mbele, lililotiwa nguvu kila kiungo. Stratos ilikuwa fupi mno, na hakuna bomba linaloweza kulirefusha gari. Ushindi ulikuja mwaka 1988 kwa Miki Biasion ndani ya Delta Integrale, gari lililozaliwa kama la familia la milango mitano. Biasion alirudia mwaka 1989, Kankkunen akaongeza wa tatu mwaka 1991.

Hapo ndipo pa kumshughulikia mtoto wa rai, yaani imani katika vifaa vipya vya katikati ya msimu. Ford mwaka 1999 ni somo ambalo lingepaswa kuimaliza imani hiyo. Focus WRC ilikuwa gari jipya kabisa. Mwezi Januari, Monte Carlo, ilionyesha mwendo lakini ikaondolewa kwa sababu ya pampu ya maji iliyokiuka kanuni. Mwishoni mwa Februari Colin McRae akashinda Safari nayo, ushindi wa kwanza wa gari hilo, na mwezi uliofuata akashinda Ureno. Ungedhani timu imepata dawa. Baada ya hapo alimaliza mbio moja tu, Corsica, akiwa wa nne. Zilizobaki zote hadi mwisho wa mwaka hazikumfikisha mwisho, baadhi kwa ajali na nyingine kwa ubovu. Akafunga msimu na pointi 23, ishirini kati yake zikiwa za Safari na Ureno.

Kama ugumu ungekuwa kitu kimoja kinachobebwa na gari kokote liendako, Focus iliyostahimili Kenya isingeshindwa na njia laini za Finland. Ilistahimili Kenya kwa sababu toleo la Safari lilichorwa na kujaribiwa kwa ajili ya Kenya, na dereva aliendesha kwa akili ya Kenya. Huko kwingine timu ilikuwa ikifukuza mwendo kwa kubadilisha kifaa baada ya kifaa, na kila kifaa kipya kilifika na tatizo lake. Kuharakisha maboresho katikati ya msimu ni kuleta vifaa ambavyo havijajaribiwa mahali ambapo hakuna muda wa kuvijaribu.

Peugeot 206 inakamilisha picha upande wa pili. Ilitwaa ubingwa wa watengenezaji mwaka 2000, 2001 na 2002. Hakuna aliyeweza kusema kwamba timu hiyo haikuwa na fedha, wahandisi au nafasi ya kuliboresha gari. Safari haikuishinda hata mara moja. Harri Rovanperä alimaliza wa pili mwaka 2001 nyuma ya Mitsubishi ya Tommi Mäkinen, na wa pili tena mwaka 2002 nyuma ya Ford ya McRae. Miaka mitatu ya maboresho haikubadilisha ukweli kwamba 206 lilikuwa gari fupi lenye nafasi ndogo chini ya boneti. Mwaka 2001 wa tatu alikuwa Armin Schwarz na Škoda Octavia, gari refu na zito ambalo halikupanda jukwaani mahali pengine popote katika maisha yake. Hili ndilo gari gumu la kweli kwa maana wanayoipenda watetezi wa rai, na lilichoweza kukipata ni nafasi ya tatu.

Tangu Safari iliporudi mwaka 2021, kanuni zenyewe zimeifanya rai ya zamani iwe ngumu zaidi kuitetea. Timu za viwanda haziruhusiwi kufanya majaribio nje ya Ulaya, kwa hiyo hakuna anayeweza kupiga kambi Kenya kwa wiki kadhaa kama zamani. Gari likishasajiliwa kiufundi kwa Shirikisho la Kimataifa la Magari, sehemu zake muhimu hubadilishwa kwa nafasi za kuhesabika tu, na timu iliyozimaliza mapema hukaa na kosa lake. Mwaka 2022 yalikuja magari ya mseto, nayo yalisawazishwa kwa makusudi: mtambo wa umeme mmoja kwa wote kutoka kwa mtengenezaji mmoja, giaboksi ya gia tano, safari ya gurudumu isiyozidi milimita 270, uzito wa chini uleule, tairi za kampuni moja. Gari gani basi ni gumu kuliko jingine, na ugumu huo umefichwa wapi?

Hyundai inajibu swali hilo kwa uchungu. Mwaka 2021 Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika moja, mahali ambapo wengi walikwisha kumpa ushindi. Shokapu ya nyuma ikasalimu amri kwenye njia ya kwanza ya asubuhi ile, na Sébastien Ogier wa Toyota akashinda. Siku iliyotangulia, Ott Tänak wa Hyundai alisimama katikati ya njia kufuta kioo cha mbele kilichojaa ukungu wakati wa mvua, akapoteza zaidi ya dakika. Kioo! Hakuna chuma kinachoweza kuzuia ukungu. Kinachouzuia ni njia ya hewa ya ndani ya gari, jambo dogo ambalo mtu fulani ofisini alilipa umuhimu mdogo.

Mwaka uliofuata ushahidi ukawa wazi zaidi. Hyundai ilikuwa imeanza msimu vibaya, gari lake la mseto likiwa limechelewa kuandaliwa na mkuu wa timu, Andrea Adamo, akiwa ameondoka Desemba 2021. Kisha mambo yakaanza kunyooka: Tänak akashinda Sardinia tarehe 5 Juni, kwenye njia za changarawe na mawe zinazosifika kwa kuvunja magari. Wiki tatu baadaye, Naivasha, Toyota zikachukua nafasi ya kwanza hadi ya nne: Kalle Rovanperä, Elfyn Evans, Takamoto Katsuta na Ogier. Neuville akawa wa tano, Tänak hakufika. Baada ya Kenya, Hyundai hiyohiyo ikashinda Finland, Ubelgiji, Ugiriki na Japani. Maboresho ya katikati ya msimu yaliwafaa, tena sana, mahali pengi, lakini si pale ambapo tatizo lilikuwa la mchoro wenyewe. Ford Puma, ambayo Sébastien Loeb aliishindia Monte Carlo mwezi Januari, nayo ilinywa vumbi; Loeb akaaga siku ya Ijumaa kwa injini.

Haki inataka isemwe kwamba Toyota nayo haikuwa na kinga. Rovanperä alizama mchangani mwaka 2021 alipokuwa mbele, na Ogier alipata pancha mwaka 2022 iliyomshusha hadi nafasi ya nne. Tofauti ni kwamba mabaya ya Toyota yalikuwa ya njia zaidi kuliko ya gari. Mwaka 2023 ilirudia kuchukua nafasi nne za kwanza, safari hii Ogier akiwa mbele. Na anayetaka kusema kwamba Toyota ilikuwa tu timu bora zaidi ya zama zile autazame mwaka 2024: Neuville alikuwa bingwa wa dunia na Hyundai ikapitwa katika taji la watengenezaji kwa pointi tatu tu, 561 kwa 558, lakini Safari ya mwaka huo aliishinda Rovanperä, Katsuta akiwa wa pili.

Imebaki hoja ya wenyeji, ambayo ni ya heshima zaidi kati ya zote. Inasema kwamba kabla ya mwaka 1972 hakuna mgeni aliyeshinda Safari, kwa hiyo kinachoshinda ni ujuzi wa ardhi, na gari ni chombo tu. Nusu ya kwanza ni kweli: Mikkola na Gunnar Palm ndio waliokuwa wa kwanza kutoka nje kushinda, kwa Ford Escort. Lakini mwaka 1985 Kankkunen alishinda Safari aliyoianza kwa mara ya kwanza maishani mwake, jambo lisilowezekana kama ardhi ingefunguka kwa wenyeji peke yao. Na Ian Duncan, Mkenya aliyeshinda mwaka 1994, alishinda kwa Toyota Celica ya ukoo uleule ambao Carlos Sainz na Kankkunen walikuwa wameutumia kushinda miaka miwili iliyotangulia. Ujuzi wa wenyeji haukupotea. Ulihamia kwenye michoro. Nowicki, Joginder na Shankland waliubeba vichwani na mikononi. Viwanda vilivyosikiliza watu wa aina yao viliufanya kuwa urefu wa springi na mahali pa filta.

Tangu mwaka 2024 Safari imetoka Juni na kusogezwa hadi Machi, karibu na msimu wake wa zamani wa Pasaka. Maana yake kwa wachoraji ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye kalenda. Juni ni vumbi hasa. Mwisho wa Machi ni vumbi asubuhi na tope jioni, hali ambayo dereva wa Mkongo anaijua mvua za kwanza za masika zinapoanguka juu ya mchanga mkavu. Filta kubwa iliyotengwa kwa ajili ya vumbi sasa inapaswa kukataa maji pia, na nafasi zinazopitisha hewa ya kupozea rejeta ndizo zinazozibwa na tope. Mwaka 2025 mtambo wa umeme uliondolewa na magari yakawa mepesi zaidi. Evans aliishindia Toyota Safari ya tano mfululizo, na kwa mara ya kwanza tangu Safari iliporudi mwaka 2021 Hyundai zilipata nafasi mbili za jukwaa, Tänak wa pili na Neuville wa tatu. Zilikuwa zimepungua uzito.